Sammy Baugh na Zama za Mchezaji wa Kazi Tatu

Mchezaji anayemudu nafasi nyingi huheshimiwa katika kila mchezo wa timu, lakini heshima hiyo mara nyingi ni ya msaidizi: watangazaji wa soka wa Afrika Mashariki humwita kiraka, kwa kuwa huingizwa palipo na pengo, na ni nadra awe bora kuliko wote katika kila nafasi anayoijaza. Historia ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, ina mfano wa mtu aliyekuwa kinyume cha hayo. Katika msimu wa 1943, Samuel Adrian Baugh wa timu ya Washington, ambaye Wamarekani walimwita Sammy tu, aliongoza ligi kuu ya kulipwa ya nchi hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama NFL, katika kurusha pasi, katika kupiga mateke ya mbali na katika kunasa pasi za wapinzani, kazi tatu ambazo leo hufanywa na watu watatu wasiokutana uwanjani hata mara moja. Mazungumzo haya yanafuatilia jinsi mtu huyo alivyokua, alivyofunzwa na alivyocheza, ili kuonyesha kwamba wingi wa kazi zake ulitokana na sheria za zama zake sawa na ulivyotokana na kipaji chake, na kwamba ufundi wake katika moja ya kazi hizo ulichangia kuzimaliza zama zenyewe.

Kabla ya kumfuata Baugh, inafaa kuueleza mchezo wenyewe. Mpira wa Kimarekani huchezwa na timu mbili za wachezaji 11, katika uwanja wenye yadi 100, yaani takriban mita 91, kutoka mstari mmoja wa goli hadi mwingine, na mpira wake una umbo la yai kama ule wa raga, ingawa umechongoka zaidi kwenye ncha. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, na ikishindwa huwaachia wapinzani mpira mahali pale pale jaribio la mwisho lilipokomea. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani, kwa kukimbia nao au kwa kuudaka ukiwa huko, huhesabiwa kuwa bao la pointi 6.

Ndani ya utaratibu huo zimo kazi tatu zinazohusika hapa. Ya kwanza ni pasi ya mbele, ambayo mchezaji huirusha kwa mkono mmoja akiwa nyuma ya mstari mchezo unapoanzia, ili mwenzake aidake akiwa anakimbia kuelekea goli la wapinzani. Ya pili ni teke la mbali, ambalo hupigwa na timu iliyoona kwamba haitazimaliza yadi zake 10: mpigaji huuachia mpira kutoka mikononi na kuupiga kabla haujagusa ardhi, kwa nia ya kuwaachia wapinzani mpira mbali kadiri iwezekanavyo na goli lake mwenyewe. Ya tatu ni ulinzi wa nyuma kabisa, ambako mlinzi husimama kama ngome ya mwisho, akimwangusha yeyote aliyewapita wenzake na akivizia pasi za wapinzani ili azidake yeye, tendo ambalo huipokonya timu pinzani mpira papo hapo.

Leo timu ya NFL huwa na wachezaji 53, nao hugawanywa katika vikosi: kikosi cha mashambulizi hutoka chote uwanjani mpira unapopotea, kikosi cha ulinzi huingia, na mpigaji wa mateke huitwa kwa dakika chache tu katika mchezo mzima. Katika miaka ya 1930 mambo hayakuwa hivyo, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya mwongo huo timu ilikuwa na watu wasiofika nusu ya idadi hiyo, na sheria ilibana ubadilishaji wa wachezaji kiasi kwamba aliyetolewa hakuweza kurudi apendavyo kocha. Kwa hiyo wale 11 walioshambulia ndio waliogeuka kulinda, na kocha aliyemchagua mrushaji hodari asiyejua kumwangusha mtu alijua kwamba wapinzani wangeelekeza mbio zao zote upande wa mrushaji huyo. Kumudu kazi nyingi hakukuwa pambo la mchezaji wa zama hizo. Kulikuwa sharti la ajira yake.

Baugh alizaliwa tarehe 17 Machi 1914 katika shamba lililo karibu na mji wa Temple, katikati ya jimbo la Texas, katika familia ambayo baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipokuwa na umri wa miaka 16 familia ilihamia Sweetwater, mji mdogo wa magharibi ya jimbo hilo, katika nchi kavu ya malisho ya ng'ombe na upepo mwingi, na huko ndiko alikomalizia shule ya sekondari. Miaka hiyo ilikuwa ya mdororo mkuu wa uchumi uliofuata mwaka 1929, na kijana mwenye nguvu ambaye wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipia chuo alikuwa na njia mojawapo ya kufika huko, nayo ni michezo.

Mchezo aliouthamini kwanza, hata hivyo, ulikuwa besiboli, na jambo hili lina uzito katika kueleza ufundi wake wa baadaye. Baugh alicheza kwenye kituo cha tatu, nafasi ya mtu anayesimama karibu na mpigaji, anayepaswa kuudaka mpira mgumu unaokuja kwa kasi ardhini, na kisha, mara nyingi akiwa ameinama au akikimbia upande, kuurusha hadi kituo cha kwanza kilichoko umbali wa mita 38 hivi kabla mpinzani hajafika. Mkono uliozoezwa katika kazi hiyo hujifunza kurusha upesi bila kusubiri miguu itulie, kurusha kutoka begani au kutoka ubavuni kadiri hali inavyoruhusu, na kulenga mahali padogo katikati ya haraka. Jina la utani lililomfuata maisha yake yote, Slingin' Sammy, ambalo humsifu kwa kuvurumisha, alilipata kwa mkono wake wa besiboli, na baada ya msimu wake wa kwanza wa mpira wa kulipwa alijiunga kwa muda mfupi na timu za daraja la chini za St. Louis Cardinals, kabla ya kuamua kwamba riziki yake ilikuwa kwenye mchezo ule mwingine.

Mazoezi yake ya ujana yanasimuliwa sana huko Texas, na yanaeleza mengi kwa namna yalivyokuwa rahisi. Alining'iniza tairi kuukuu la gari, akalisukuma libembee, kisha akajizoeza kupitisha mpira katikati ya tundu lake akiwa mwenyewe yumo mbioni, hivi kwamba mrushaji na shabaha wote wawili walikuwa wakisogea. Kwa mguu nako alifanya mazoezi ya aina moja: hakuridhika kuupeleka mpira mbali, bali alitaka uvuke mstari wa pembeni karibu kabisa na goli la wapinzani, mahali ambapo hakuna awezaye kuudaka na kuurudisha mbio. Katika kazi zote mbili alichokitafuta ni ulengaji kabla ya nguvu, na si ajabu kwamba mwili wake, wenye urefu wa takriban mita 1.88 na uzito wa kilo zipatazo 82, ulikuwa mwembamba kwa mchezo wenye kugongana kiasi kile.

Chuo kilichompokea kilikuwa Texas Christian, chuo kikuu kilichoko katika mji wa Fort Worth, ambako kocha Leo Meyer, aliyeitwa Dutch na kila mtu, alimtaka kwanza kwa ajili ya besiboli. Mwaka 1934 Meyer alikabidhiwa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hicho, na mwaka huohuo Baugh akaanza kuichezea timu kubwa, kwa hiyo kocha aliyekuwa na fikra mpya na kijana aliyekuwa na mkono wa kuzitekeleza walianza kazi pamoja.

Fikra ya Meyer haieleweki bila kukumbuka jinsi pasi ya mbele ilivyodharauliwa wakati huo. Pasi hiyo iliruhusiwa mwaka 1906, baada ya vifo na majeraha mengi ya wachezaji wa vyuo kuzua kelele nchini kote, kwa matumaini kwamba itautawanya msongamano wa watu waliokuwa wakikanyagana katikati ya uwanja. Lakini iliwekewa vikwazo na adhabu nyingi kiasi kwamba makocha wengi waliiona kuwa bahati nasibu, ya kutumiwa na timu iliyokwisha kukata tamaa. Hadi 1933 NFL ilimtaka mrushaji awe angalau yadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia ndipo arushe, na mpira wenyewe ulikuwa mnene mpaka ulipopunguzwa mzingo mwaka 1934, ukawa rahisi kushikwa kwa kiganja kimoja. Meyer aliona kwamba vikwazo hivyo vinalegea, akafundisha pasi nyingi fupi, za uhakika na za salama, zinazotumika tangu jaribio la kwanza kama wengine walivyotumia mbio, ili kuisogeza timu yadi chache chache badala ya kungoja muujiza wa pasi moja ndefu.

Mfumo huo ulileta matunda upesi. Msimu wa 1935 timu ya Texas Christian ilipoteza mechi moja tu kabla ya Mwaka Mpya, kwa pointi 20 dhidi ya 14, mbele ya jirani zao wa Southern Methodist, na tarehe 1 Januari 1936 ikaenda New Orleans kucheza mechi ya heshima iitwayo Sugar Bowl dhidi ya chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mvua iliufanya uwanja kuwa tope, mpira ukateleza mikononi, na mkono uliomtangaza Baugh ukawa hauna kazi kubwa. Timu yake ilishinda kwa pointi 3 kwa 2, na mchango wake mkubwa siku hiyo ulikuwa mateke yaliyowarudisha wapinzani nyuma tena na tena, pamoja na ulinzi wake mbele ya goli. Mechi hiyo ni ushahidi wa mapema wa hoja ya mazungumzo haya: mrushaji peke yake angekuwa mzigo katika tope lile, lakini sheria zilikuwa zimemlazimisha awe zaidi ya mrushaji. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1937, alikihitimisha kipindi chake cha chuo kwa ushindi wa 16 kwa 6 dhidi ya Marquette katika Cotton Bowl ya kwanza kabisa, huko Dallas.

Wakati huo timu za kulipwa zilikuwa zimeanza kugawana wachezaji wa vyuo kwa zamu, kwa utaratibu unaoipa kila timu haki ya kumchagua mchezaji mmoja mmoja, na Baugh alichaguliwa wa sita. Aliyemchagua ni George Preston Marshall, tajiri wa biashara ya udobi, aliyekuwa akiihamisha timu yake kutoka Boston kwenda mji mkuu wa Washington kwa sababu watu wa Boston hawakuijali. Marshall alihitaji mtu wa kuwavuta watazamaji, akamtaka kijana huyo afike mjini amevaa kofia na viatu vya mchunga ng'ombe, mavazi ambayo Baugh hakuwa na desturi ya kuyavaa, na akamlipa dola 8,000 kwa msimu, kiasi kilichokuwa kikubwa mno kwa mchezaji mgeni. Hata kabla msimu haujaanza, mwezi Septemba 1937, Baugh alikuwamo katika timu teule ya wahitimu wa vyuo iliyoifunga Green Bay Packers pointi 6 kwa 0 mjini Chicago, na pointi hizo zilitokana na pasi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wahitimu hao kuishinda timu ya kulipwa katika mechi hiyo ya kila mwaka.

Msimu wake wa kwanza aliongoza ligi kwa pasi zilizodakwa, 81 kwa jumla, idadi ambayo leo mrushaji huifikia katika mechi nne au tano lakini ambayo haikuwa imefikiwa na mtu yeyote katika NFL kabla yake. Fainali ilichezwa tarehe 12 Desemba 1937 katika uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, dhidi ya Chicago Bears, juu ya ardhi iliyoganda kwa baridi na kuwa ngumu kama jiwe. Baugh alirusha pasi zilizozaa zaidi ya yadi 330 na mabao matatu, mawili yakifungwa na Wayne Millner na moja na Ed Justice, na Washington ikashinda kwa 28 kwa 21. Sehemu ya siri ya siku hiyo ilikuwa mbinu ya kocha Ray Flaherty, ambaye aliwaacha walinzi wa Bears wamkimbilie mrushaji bila kuzuiwa sana, kisha pasi fupi ikapelekwa juu ya vichwa vyao kwa mtu aliyetanguliziwa wazuiaji, mbinu inayotumiwa na kila timu hadi leo. Mwaka uliofuata ligi iliweka adhabu ya yadi 15 kwa anayemgonga mrushaji baada ya mpira kumtoka mkononi, na kwa hatua hiyo sheria ilianza kumtenga mrushaji na wachezaji wengine kama mtu anayestahili ulinzi wa pekee.

Bado, kwa miaka saba ya mwanzo, Baugh hakuwa na upekee wowote katika majukumu. Timu yake ilitumia mpangilio ambao mchezaji wa katikati huurusha mpira nyuma hatua kadhaa hadi kwa mtu mmoja aliyesimama peke yake, naye aweza kukimbia nao, kuurusha au kuupiga teke, na wapinzani hawajui atachagua lipi. Kutojua huko ndiko kulikoufanya mguu wake uwe silaha, kwa kuwa mara nyingi alipiga teke katika jaribio la tatu, wakati walinzi wamesogea mbele wakitazamia mbio au pasi, na mpira ukadundia nyuma yao na kuendelea kubiringika bila mtu wa kuudaka. Mwaka 1940 wastani wa mateke yake ulikuwa yadi 51.4, yaani mita 47, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi 2022, ilipovunjwa na Ryan Stonehouse wa Tennessee Titans. Mwanahistoria makini ataongeza kwamba mipira iliyobiringika iliukuza wastani huo, na kwamba wapigaji wa leo hupiga mbele ya mtu anayewasubiri. Lakini ukweli huo haupunguzi sifa ya Baugh, kwa maana teke la kushtukiza liliwezekana tu kwa sababu mpigaji alikuwa pia mrushaji wa kuogopwa, na mpigaji wa leo, ambaye kuingia kwake uwanjani ni tangazo la teke, hana namna ya kumdanganya mtu.

Fainali ya 1942 ilionyesha thamani ya muungano huo wa kazi. Bears walifika bila kupoteza mechi hata moja, wakiwa na kumbukumbu ya fainali ya 1940 walipoifedhehesha Washington kwa 73 kwa 0, ambalo hadi leo ndilo pengo kubwa zaidi la pointi katika NFL. Safari hii Washington ilishinda kwa 14 kwa 6, Baugh akichangia pasi ya bao kwa Wilbur Moore na mateke yaliyowaweka Bears mbali na goli mchana kutwa.

Mwaka 1943 ukawa kilele chake. Katika msimu wa mechi 10 alirusha pasi za mabao 23, na aliongoza ligi kwa idadi ya pasi zilizodakwa, kwa pasi 11 za wapinzani alizozinasa, na kwa wastani wa mateke wa karibu yadi 46. Tarehe 14 Novemba, dhidi ya Detroit Lions, alirusha pasi nne za mabao na kunasa pasi nne za wapinzani katika mechi moja, na ile idadi ya pasi nne zilizonaswa na mchezaji mmoja katika mechi moja imefikiwa na wengine lakini haijapitwa. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba msimu huohuo NFL iliondoa kwa mara ya kwanza vizuizi vya kubadilisha wachezaji, hivyo sheria haikumlazimisha tena mrushaji alinde. Kilichoendelea kumlazimisha ni Vita vya Pili vya Dunia, vilivyowachukua mamia ya wachezaji jeshini na kuzifanya timu zipunguziwe idadi hadi watu 28, kwa hiyo ruhusa ya kuunda vikosi viwili ilikuwapo ilhali watu wa kuvijaza hawakuwapo. Gharama ya kazi nyingi nayo ilidhihirika katika fainali ya msimu huo: Baugh alipiga teke, akamfuata Sid Luckman wa Bears ili amwangushe, akaumia kichwani na kukaa nje kwa sehemu kubwa ya mechi ambayo timu yake ilipoteza kwa 41 kwa 21. Mrushaji bora wa ligi aliondolewa mchezoni kwa kazi ya kulinda, na kocha yeyote aliyeitazama mechi ile alikuwa na sababu ya kujiuliza kama hesabu hiyo inalipa.

Hesabu ya ubora wa Baugh haikamiliki pia bila kutaja ni nani walioruhusiwa kushindana naye. Kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, ingawa katika miaka ya 1920 walikuwapo wachache, miongoni mwao Fritz Pollard aliyekuwa bingwa na timu ya Akron mwaka 1920 na baadaye akawa kocha. Kenny Washington wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, ambaye mwaka 1939 alikuwa miongoni mwa wachezaji bora nchini kwa kukimbia, kurusha na kulinda, hakuchaguliwa na timu yoyote alipohitimu, akapewa nafasi na Los Angeles Rams mwaka 1946 tu, magoti yake yakiwa yamekwisha kuharibika. Marshall, mwajiri wa Baugh, ndiye aliyeupinga mchanganyiko huo kwa muda mrefu kuliko mmiliki mwingine yeyote: timu yake haikuwa na mchezaji mweusi hadi 1962, alipokuja Bobby Mitchell, na hilo lilifanyika baada ya serikali ya Rais Kennedy kutishia kuinyima uwanja uliojengwa juu ya ardhi ya umma. Rekodi za Baugh ni za kweli, lakini ziliwekwa katika ligi iliyowafungia mlango baadhi ya watu waliojua kazi zilezile tatu.

Baada ya vita mabadiliko yalikuja kwa njia mbili, na zote mbili zilimgusa. Ya kwanza ilikuwa ya mpangilio. Mwaka 1944 Washington iliuacha mfumo wake wa zamani, ikafuata ule ulioipa Bears ushindi wa 73 kwa 0, ambamo mrushaji, aitwaye mwongozaji, husimama mgongoni mwa mchezaji wa katikati, hupokea mpira mkono kwa mkono, na kisha humkabidhi mkimbiaji au huurusha. Katika mpangilio huo mwongozaji hahitajiki tena kukimbia wala kupiga teke la kushtukiza. Hutakiwa kusoma ulinzi, kufanya uamuzi kwa sekunde mbili au tatu, na kurusha. Baugh aliuona ugumu katika msimu wa kwanza, lakini mwaka 1945 asilimia 70.3 ya pasi zake zilidakwa, rekodi iliyodumu hadi Ken Anderson wa Cincinnati alipoipita mwaka 1982. Fainali ya mwaka huo dhidi ya Cleveland Rams ilipotea kwa pointi 15 kwa 14, mbili kati ya hizo 15 zikitokana na pasi ya Baugh aliyoirusha akiwa nyuma ya mstari wa goli lake, ikagonga mwamba wa goli na kurudi chini, tukio ambalo sheria za wakati huo ziliwapa wapinzani pointi na ambalo sheria zilizofuata ziliacha kuliadhibu hivyo. Tarehe 23 Novemba 1947, siku iliyotengwa na mashabiki wa Washington kumtukuza, alirusha pasi sita za mabao na kuwashinda Chicago Cardinals, waliokuja kuwa mabingwa wa mwaka huo.

Njia ya pili ilikuwa ya sheria. Vizuizi vya kubadilisha wachezaji vilirudishwa mwaka 1946, vikalegezwa tena 1949, na mwaka 1950 vikaondolewa moja kwa moja. Tangu hapo timu zilianza kuajiri mrushaji wa kurusha tu, mlinzi wa kulinda tu na mpigaji wa kupiga tu, na sababu yake kubwa ni kwamba pasi, ambayo Baugh na walimu wake walikuwa wameithibitisha kuwa njia ya kawaida ya kusonga mbele, ilikuwa imemfanya mrushaji kuwa mali ghali mno kuhatarishwa katika ulinzi. Alipostaafu mwisho wa msimu wa 1952, baada ya misimu 16 na mara sita za kuongoza ligi katika pasi, alikuwa anafanya kazi moja tu kati ya zile tatu alizoanza nazo kama wajibu. Alifundisha chuo cha Hardin-Simmons na timu mbili za kulipwa, New York Titans na Houston Oilers, akaingizwa mwaka 1963 katika kundi la kwanza la watu 17 wa jumba la heshima la mchezo huo huko Canton, Ohio, kisha akarudi kwa ng'ombe wake magharibi ya Texas, ambako alifariki tarehe 17 Desemba 2008 akiwa na umri wa miaka 94, wa mwisho kufa kati ya wale 17.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba watu wa namna ya Baugh wameisha kwa sababu mchezo umekuwa mgumu na wa kasi kupita uwezo wa mtu mmoja. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini Travis Hunter wa chuo kikuu cha Colorado, aliyetunukiwa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2024 na kuchaguliwa wa pili na Jacksonville Jaguars mwaka 2025, alipata heshima hiyo kwa kucheza mashambulizi na ulinzi katika mechi zilezile, kwa hiyo uwezo wa mwili haujatoweka. Tofauti ni kwamba Hunter alilazimika kuomba nafasi ya kufanya kazi mbili, ambapo Baugh asingeajiriwa kama angefanya moja. Kwa sababu hiyo, anayetaka kumlinganisha Baugh na warushaji waliomfuata hana budi kuanza na idadi ya kazi ambazo sheria za kila zama zilimpa mchezaji, kisha ndipo atazame takwimu. Rekodi zake za mateke na za pasi zilivunjwa mojamoja, kila moja na bingwa wa fani hiyo pekee. Lakini msimu wa 1943 haujapata mwenzake, kwa kuwa tangu 1950 hakuna kocha wa NFL aliyekuwa na haja ya kumtaka mtu mmoja afanye kazi zote tatu.